Fungua gurudumu la mbele kabla halijalia

Ndugu mfanyakazi, kule mgodini hukubali kupanda kamioni ambayo freni yake haikupimwa. Dereva akikuambia «tutafika tu», unashuka na kumwita mkubwa wa kazi. Lakini siku ya mapumziko unapandisha bibi yako, watoto na magunia ya makala ndani ya Mercedes 207 iliyozeeka, gurudumu la mbele linanguruma njia nzima, na hakuna anayeuliza neno. Je, usalama ni mali ya kampani peke yake?

Gari hili tunalijua wote. Lilianza kutengenezwa mwaka 1977 huko Bremen, Ujerumani, na mwaka 1995 Sprinter ikachukua nafasi yake. Hakuna 207 iliyo kijana tena. Kule Ulaya chasi hiyohiyo ilibebeshwa hata nyumba za safari, zenye vitanda, jiko na tangi la maji, ambazo husimama miezi mingi bila kutembea. Kwetu hali ni kinyume: gari halipumziki, na mzigo wake wa haki, karibu tani moja, unapitwa kila asubuhi. Hesabu mwenyewe: watu 22 wa kilo 65 ni kilo 1.430, bila magunia. Watu wa Kinshasa waliliita «esprit de mort». Jina hilo si haki kwa chuma. Ubaya ni wa mwenye gari ambaye hufungua gurudumu siku lililogoma tu.

Mimi nasema hivi: kila mara unapobadilisha vibao vya freni vya mbele, fungua pia beringi, zile mafundi wa garaji wanaziita roulement. Gurudumu limekwisha kutoka, mikono imekwisha kuchafuka, kilichobaki ni saa moja na girisi kidogo. Wapo wanaojibu: «Hazilii, ziache.» Beringi inapolia, chuma chake kimekwisha kuliwa. Hapo hutunzi kitu tena, unanunua kipya. Na kama hununui, gurudumu linachezacheza, disiki inasukuma vibao nyuma, na siku moja pedali inashuka mpaka chini wakati unateremka mlima.

Kupima ni rahisi. Simamisha gari juu ya udongo mgumu, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au mbao, inua kwa kriki, kisha weka tegemeo imara la chuma chini ya chasi. Matofali hupasuka. Kriki ni ya kuinulia tu. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage freni, utikise tena. Mchezo ukiisha, beringi ndiyo mbaya. Ukibaki, tafuta kwenye viungo vya usukani.

Sasa sikiliza sana, hasa wewe mama unayefua nguo za kazi. Lile vumbi jeusi la freni si uchafu wa kawaida. Vibao vya zamani vilitengenezwa kwa amianti, na katika akiba za zamani na katika vipuri visivyojulikana vimetoka wapi bado vinaweza kuwamo. Amianti inaleta kansa ya mapafu na ya ngozi inayoyafunika, na ugonjwa huonekana baada ya miaka 20, 30 au 40, wakati fundi amekwisha sahau gari lenyewe. Kwa hiyo usipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Mgodini tunalaza vumbi la mwamba kwa maji. Fanya vilevile hapa: lowesha, panguza kwa kitambaa chenye maji, kitambaa hicho ukifunge katika mfuko ukitupe. Nguo za garaji zisikung'utwe ndani ya nyumba wala kufuliwa pamoja na za mtoto. Nchi nyingine wake wa wafanyakazi waliugua kwa kufua tu.

Ukitoa kaliperi, itundike kwa waya. Usiiache ining'inie kwenye mpira wake wa mafuta, maana mpira hupasuka ndani mahali ambapo jicho halifiki. Osha beringi kwa mazutu, si kwa esansi, ambayo cheche moja inatosha kuiwasha. Ziache zikauke zenyewe. Kuzizungusha kwa hewa ya kompresa ni mchezo wa vijana, na umewahi kurusha vyuma usoni mwa watu. Ukiona rangi ya buluu, vishimo au mikwaruzo, badilisha beringi pamoja na pete yake ya nje. Hizo mbili huzeeka pamoja.

Girisi iwe ya kuvumilia moto, maana disiki huwaka. Usichanganye mpya na ya zamani. Weka bonge kwenye kiganja, uisukume ndani ya beringi mpaka itokee upande wa pili. Kisha weka mpira mpya wa kuzuia girisi. Hapo watu wengi wanabana falanga, na girisi inavuja juu ya disiki.

Halafu nati. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kijana mwenye nguvu kuikaza kama nati za gurudumu. Kaza huku ukizungusha ili beringi zikae vizuri, kisha ilegeze, uirudishe pole pole mpaka ubaki mchezo mdogo sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimeta. Beringi iliyobanwa huungua. Kisha funga nati isijifungue: kwa skrubu yake ndogo, kama zilivyo Mercedes nyingi, au kwa pini mpya. Pini ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo si pini tena.

Mafuta ya freni nayo hunywa maji kutoka hewani, na msimu wetu wa mvua ni mrefu. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 230. Yakisha kunywa maji yanaweza kuchemka karibu na 155, na mafuta yanayochemka hayasukumi kitu. Yabadilishe kila miaka 2. Na usiongeze kamwe mafuta ya moteri, kwa sababu yanavimbisha mipira yote ya freni.

Ukimaliza, kanyaga pedali mara nyingi kabla ya kuondoka, mpaka iwe ngumu. Endesha kilomita 20 bila abiria, simama, usogeze mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu la mbele. Moja likiwa moto kuliko lenzake, rudi ulifungue tena, hata kama abiria wanakungoja kituoni.