Mbuzi Ndani ya Gunia: Haki na Busara katika Kuagiza Bidhaa za Ng'ambo kwa Simu



Wahenga walituonya tusikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Soko la zamani lilikuwa na kinga yake. Mnunuzi alimwona mnyama, akampapasa mbavu, akamtazama meno. Na muuzaji alikuwa mtu wa kijiji jirani, ambaye jina lake na nyumba yake vilijulikana. Katika siku zetu hizi sehemu kubwa ya soko imehamia kwenye simu ya mkononi. Mama wa jumuiya huagiza viatu vya watoto kutoka China akiwa jikoni kwake. Kijana huagiza mashine ya kunyolea ili aanzishe kazi. Kwaya huagiza kinanda. Mbuzi hawamwoni, na muuzaji hawamjui. Wanachokiona ni picha na bei.

Hatuandiki maneno haya ili kuwalaumu wanaonunua kwa njia hiyo. Kwa familia yenye kipato kidogo, unafuu wa bei ni msaada wa kweli. Wako wanaosema kwamba anayetapeliwa mtandaoni amevuna matunda ya tamaa yake. Hatukubaliani nao. Mjane anayetafuta cherehani kwa bei anayoimudu hana tamaa, ana hitaji. Mwenye dhambi ni mdanganyifu. Lakini nasi tulio viongozi hatuna budi kujiuliza kama tumempatia huyo mjane maarifa ya kumlinda, au tumesubiri apoteze fedha ndipo tumhubirie.

Hoja yetu ni moja. Bei ndogo inayoonekana kwenye kioo cha simu mara nyingi si bei yote. Sehemu iliyofichika nayo hulipwa, na yatupasa kujua hulipwa na nani kabla hatujatoa fedha.

Nani anashika fedha?

Maduka makubwa ya mtandaoni ya China yanajulikana kwa majina. Alibaba ilianzishwa mwaka 1999 katika mji wa Hangzhou, nayo huhudumia hasa wafanyabiashara wa jumla. AliExpress, iliyo chini ya kampuni hiyo hiyo, ilianza mwaka 2010 kwa ajili ya wanunuzi wa rejareja. Temu ilianza mwaka 2022. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba maduka ya namna hii hufanana na soko lenye vibanda vingi. Mwenye soko ni mmoja, lakini wauzaji ni maelfu, na tabia zao hazilingani.

Kwa sababu hiyo kinga ya kwanza ya mnunuzi haiko katika uzuri wa picha, bali katika jibu la swali hili: fedha yangu inashikwa na nani hadi mzigo ufike? Katika AliExpress, kwa mfano, fedha hushikwa kama amana, wala muuzaji hakabidhiwi hadi mnunuzi athibitishe kwamba amepokea au muda uliowekwa upite. Alibaba nayo ina utaratibu wake wa ulinzi uitwao Trade Assurance. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mdanganyifu ni kumtoa mnunuzi nje ya soko. Atasema, “Tumalizane kwa WhatsApp, nitakupunguzia, nitumie fedha moja kwa moja.” Anayekubali ameacha ulinzi wote nyuma yake, hata kama punguzo ni kubwa. Tungependa kanuni hii ikaririwe katika kila jumuiya: tusilipe kamwe nje ya soko tulimoagizia.

Hila ya pili ni ya muda. Muuzaji humwomba mnunuzi athibitishe kwamba amepokea mzigo, ilhali haujafika. Au humwambia asubiri kidogo, kisha kidogo tena, hadi siku za ulinzi zipite. Basi tarehe hiyo isomwe na kuandikwa siku ile ile ya kuagiza, na malalamiko yafikishwe kwa mwenye soko kabla haijapita. Mzigo unapofunguliwa, ni vema mtu mwingine apige picha za video, kwani ushahidi huo ndio utakaotazamwa.

Hila ya tatu ni duka la bandia. Anwani yake hutofautiana na ya duka la kweli kwa herufi moja tu, na matangazo yake humkuta mtu akiperuzi habari za marafiki. Ni salama zaidi kuandika anwani kwa mkono wako kuliko kufuata kiungo ulichotumiwa. Tuitilie shaka pia saa inayohesabu kurudi nyuma, ikidai kwamba bei itapanda baada ya dakika kumi. Haraka ile imepangwa ili mtu asifikiri. Na palipo na sifa nyingi za wanunuzi zinazofanana kama zimeandikwa na mkono mmoja, tusome kwanza zile chache za malalamiko zenye picha.

Katika kulipa, kadi ya benki ina nafuu moja: kuna utaratibu wa kuiomba benki ifuatilie malipo yenye mgogoro. Wengine hutumia kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni za simu, wakaweka humo kiasi cha ununuzi huo tu, ili hata namba zikiibwa mwizi asikute akiba ya nyumba. Namba ya siri haipewi mtu yeyote. Ukipokea ujumbe kwamba mzigo wako umezuiliwa na unatakiwa kulipa ada kwa namba fulani ya simu, usilipe. Uliza kwanza posta au kwa wakala wako. Kwa hapa Tanzania, ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenye namba 15040 ili mamlaka ya mawasiliano ichukue hatua.

Bei nusu na bei kamili

Wengi hulia kwamba wametapeliwa, kumbe walisoma nusu ya bei. Kwa mujibu wa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu tarehe 1 Julai 2022 viwango vya jumla ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na baadhi ya bidhaa zilizokamilika, yakiwamo mavazi na samani, ziko katika kile cha juu. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya asilimia 16.

Tufanye hesabu. Nguo zinazokuja kwa meli, ambazo thamani yake pamoja na bima na nauli ni shilingi 100,000, zikitozwa ushuru wa asilimia 35 zitafika shilingi 135,000. Asilimia 18 ya hizo ni shilingi 24,300. Jumla ni shilingi 159,300, kabla ya tozo nyingine na gharama za kutoa mzigo. Aliyepanga kuuza kwa faida ya shilingi 40,000 amekwisha kula mtaji wake. Kila bidhaa ina kundi lake la ushuru, hivyo inafaa kuuliza ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla ya kuagiza.

Kadhalika nauli. Mzigo wa ndege hutozwa zaidi kwa kilo, na wa meli kwa mita za ujazo. Boksi la sentimita 50 kwa 50 kwa 40 ni sehemu ya kumi ya mita moja ya ujazo, hata kama ndani yake mna mito mitupu. Wakala mwaminifu hutaja kiwango kwa maandishi, husema kama kodi imo au haimo, na hutoa risiti. Anayekushauri uandike thamani ya uongo ili kukwepa kodi anakufundisha wizi, tena wizi wa dawa za zahanati na madawati ya shule. Isitoshe, anayemdanganya afisa wa forodha mbele yako hana sababu ya kutokukudanganya wewe.

Gharama inayolipwa na mwili

Iko gharama nyingine isiyoandikwa popote. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, ambayo huharibu figo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliwekwa ili kudhibiti madini hayo, vikiwamo vipodozi vilivyochanganywa nayo. Mwaka 2024 serikali ya jiji la Seoul, Korea Kusini, ilipima bidhaa za watoto zilizonunuliwa katika maduka ya mtandaoni ya bei nafuu, na ikakuta baadhi zina kemikali zenye madhara kupita viwango kwa mara nyingi sana. Ikiwa jiji lenye maabara limekuta hayo, sisi tusiopima tusimpe mtoto mchanga kitu cha kutia kinywani ambacho hatujui kimetengenezwa na nani.

Vifaa vya umeme navyo vina masharti. Umeme wetu ni volti 230; kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani, kwenye volti 120, kinaweza kuungua au kuunguza nyumba. Flashi inayodaiwa kuhifadhi kiasi kikubwa mno kwa bei ya soda ni uongo, na faili za parokia zitakazowekwa humo zitapotea. Kwa dawa, vipodozi, chaja na vitu vya watoto, ushauri wetu ni kununua hapa nchini, kwa muuzaji unayeweza kumrudia, bidhaa iliyopita mikononi mwa mamlaka zinazohusika.

Gharama inayolipwa na mfanyakazi

Waraka wa Mtakatifu Yakobo unasema juu ya ujira uliozuiliwa, ambao kilio chake humfikia Mungu. Mwaka 2021 shirika la Public Eye la Uswisi lilichunguza warsha za ushonaji huko Guangzhou zilizoshona nguo za kampuni ya Shein, likakuta wafanyakazi waliofanya kazi hadi saa 75 kwa wiki. Kampuni yenyewe, katika taarifa yake ya mwaka 2023, ilikiri kwamba ilikuta visa viwili vya ajira ya watoto kwa wazalishaji wake. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Caritas in Veritate wa mwaka 2009, alifundisha kwamba kununua ni tendo la kimaadili, si la kiuchumi tu.

Hatusemi kwamba maskini wa Afrika abebe peke yake dhambi za viwanda vya dunia. Tunasema kwamba mwenye uwezo wa kuchagua anunue kichache kinachodumu badala ya vingi vya kutupwa, na akumbuke kwamba fundi cherehani wa mtaani naye ana watoto wa kusomesha.

Fedha za wengine

Hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Mtu akipoteza fedha yake mwenyewe ameumia yeye na nyumba yake. Akipoteza mchango wa kwaya, wa kikundi cha akina mama, au wa vijana, anavunja imani ambayo haijengeki upya kwa risiti. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kikundi chochote kinachoagiza bidhaa ng'ambo kiteue watu watatu wa kusimamia. Uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za kikao, pamoja na bei kamili, jina la duka, namba ya oda na tarehe ya mwisho ya ulinzi. Kiagizwe kwanza kitu kimoja cha mfano, kikifika ndipo viagizwe vingine. Fedha isipitie katika simu ya mtu binafsi bila maandishi. Na taarifa itolewe kwa wote, hata kama habari si njema.

Vilevile wako waamini wenzetu wanaokusanya oda za watu na kuagiza kwa pamoja. Kazi hiyo ni halali na ina faida kwa wengi. Lakini mwenye kuifanya afahamu kwamba amechukua amana. Asitangaze picha ya kitu asichokijua ubora wake. Asitaje wiki mbili akijua ni miezi miwili. Mzigo ukipotea, asijifiche nyuma ya neno “mtandao”. Kitabu cha Walawi kinadai mizani ya haki na vipimo vya haki, na picha kwenye simu ni kipimo kama vilivyo vipimo vingine.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani yenye wajibu wa kumlinda mlaji, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Mkono wa sheria hizo haumfikii kwa urahisi muuzaji aliye Guangzhou, bali humfikia wakala aliye Kariakoo au Mwanza. Ndiyo sababu risiti ya wakala haina budi kudaiwa na kutunzwa.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya watenge kikao kimoja kwa jambo hili. Vijana wanaoijua simu wawafundishe wazee kusoma tarehe ya ulinzi na anwani ya duka. Wazee wanaowajua watu wawafundishe vijana kutilia shaka maneno matamu. Na aliyekwisha kutapeliwa asionewe aibu. Apewe nafasi ya kusimulia, maana ushuhuda wake utaokoa nyumba nyingine kumi.

Gunia lifunguliwe kwanza, mbuzi aonekane. Ndipo fedha itoke.