Kisima kikiharibika, nani anapigiwa simu?

Simu iliingia saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa bado kitandani huku Kisauni, na aliyepiga alikuwa binamu yangu wa kijijini. Hata salamu hakutoa. "Pampu yako imekufa tena," akasema.

Pampu yangu. Neno hilo ndilo lililonitoa usingizi.

Wacha niwasimulie ilivyokuwa, kisha mnihukumu wenyewe. Nilikuwa nimeenda kumtembelea nyanya, kijijini kwa akina mama, Kaunti ya Kwale, ndani kidogo ukitoka Msambweni. Nikakuta pampu ya mkono ya kijiji imelala. Mkono wake haupandi wala haushuki, na kibao cha wafadhili kando yake kimeshika kutu. Watu walikuwa wamerudia kidimbwi cha zamani, kile ambacho ng'ombe nao hunywa. Nyanya alinionyesha anavyochuja maji kwa kipande cha leso kabla ya kuyachemsha. Siku ambayo hana kuni, hachemshi.

Mimi ni mtu wa mitandao. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo riziki yangu ni kuandika na kupiga picha. Kwa hivyo nilifanya ninachojua. Nikapiga picha, nikaandika stori ya kugusa roho, nikaweka nambari ya M-Pesa. Wasee wakajitokeza kweli kweli. Kwa siku tisa tulikusanya Sh38,500. Fundi akaletwa kutoka mjini, pampu ikafufuka, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikapiga selfi nikiwa na mtungi. Sifa zikamiminika. Nikajiona bonge la mtu.

Miezi mitano baadaye ndipo simu ile ikaja.

Nilikasirika, sitadanganya. Nikajiuliza, yaani kijiji kizima kimeshindwa kununua raba inayotoshea kiganjani? Nikavuka feri, nikapanda matatu, nikamalizia na bodaboda, na kichwani nilikuwa na hotuba tayari. Nyanya alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Zile pesa zilizobaki, mjukuu wangu, ulimwachia nani?"

Hakuna niliyemwachia. Zilizobaki nilimpa fundi, nauli na asante. Kijijini hakukuwa na kamati, hakukuwa na daftari, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa na spana ya kufungulia ile pampu. Nilikuja na pesa zangu, fundi wangu na kamera yangu. Walikuwa na haki kabisa kuiita pampu yangu. Mwenye kitu ndiye anayepigiwa simu kikiharibika.

Na hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo, hasa sisi vijana wa mjini tunaopenda kuchangisha pesa za visima. Kisima si shimo. Shimo ndiyo sehemu rahisi. Kisima ni watu wanaojua ni chao, pesa zilizowekwa kabla hakijaharibika, na mtu wa karibu anayeweza kukifungua. Ukichimba bila hayo, umechimba tatizo la mwaka ujao.

Aibu zaidi ni kwamba jambo hili lilishajulikana, tena hapo hapo Kwale, kabla mimi sijazaliwa. Ile pampu ya mkono unayoiona vijiji vingi vya Afrika, inayoitwa Afridev, ilijaribiwa na kuboreshwa Kwale katika miaka ya 1980, kwenye mradi uliohusisha Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Wazo lake lilikuwa hili: pampu ambayo wanakijiji wenyewe wanaweza kuifungua kwa spana moja, wavute fimbo kwa mikono, wabadilishe raba iliyochakaa, wairudishe. Bila lori wala mhandisi wa kutoka Nairobi. Shirika la KWAHO nalo lilizunguka likisaidia vijiji kuunda kamati, wanawake wakiwa mstari wa mbele, kwa sababu wao ndio wanaobeba mtungi kichwani.

Kwa hivyo pampu niliyoipigia selfi ilikuwa imebuniwa makusudi ili isimhitaji mtu kama mimi. Mimi nikaja na kuifanya inihitaji.

Safari ya pili sikuchangisha kitu. Nilikaa kijijini wiki mbili, na kazi yangu kubwa ikawa kunyamaza. Chini ya mkorosho uliitishwa mkutano. Wa kwanza walizozana kuhusu kamati ya zamani, kwa sababu ilikuwepo, miaka mingi nyuma. Mweka hazina wake alikuwa akikusanya pesa, lakini hakuna aliyewahi kuona zimeandikwa popote. Mambo yakaanza kunong'onwa, watu wakaacha kutoa, na pampu ilipokufa kila mtu akamnyooshea mwenzake kidole. Labda yule mzee hakuiba hata bob moja. Hatutawahi kujua, na hiyo ndiyo hasara ya kukosa daftari: hata mwaminifu hawezi kujitetea.

Mama mmoja anayeuza maandazi ndiye aliyefungua njia. Alisema, "Si tuna chama hapa? Mbona chama hakijawahi kupotea pesa?" Watu wakatazamana. Ni kweli. Chama chao kina akina mama zaidi ya ishirini, wanakutana kila Jumapili, pesa zinahesabiwa mbele ya wote, na asiyelipa anajulikana kwa jina. Hakuna aliyewafundisha kwa semina ya hotelini. Wakakubaliana kwamba kisima kiendeshwe vivyo hivyo.

Hesabu nilisaidia kuandika, na ni rahisi kiasi cha kuudhi. Nyumba 60, kila moja Sh50 kwa mwezi. Hiyo ni Sh3,000 kwa mwezi, Sh36,000 kwa mwaka. Karibu pesa zote nilizochangisha kwa machozi mtandaoni, kijiji kinaweza kujikusanyia chenyewe kila mwaka, bila kumwonyesha mtu yeyote picha ya mtoto aliyekunja uso. Wazee wasio na mtu wa kuwatunza walisamehewa. Nyumba saba zilikataa katakata, na bado kuna mvutano nazo. Sitapaka rangi mambo.

Pesa zinaingia kwenye laini moja ya simu, nambari ya siri inajulikana na mama mmoja, simu yenyewe inakaa kwa mwingine. Kila mwisho wa mwezi zinasomwa kwa sauti mbele ya watu. Vijana wawili, mmoja msichana aliyemaliza kidato cha nne akakaa nyumbani, walijifunza kwa fundi namna ya kufungua pampu, na wanalipwa kidogo kila wakiitengeneza. Msilichukulie hilo poa. Tunalia kazi hakuna, na vijijini kuna mashine zimelala zikisubiri kijana mwenye spana.

Na tusisahau kwamba maji kutoka tu hakutoshi, lazima yawe salama. Choo kisiwe karibu na kisima, angalau mita 30, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Pale chini ya pampu panahitaji saruji isiyo na nyufa na mfereji wa kupeleka maji machafu mbali, la sivyo yanarudi ndani ya kisima kile kile. Baada ya kila matengenezo kisima kitiwe klorini. Maji yapimwe, maana maji meupe yanayong'aa yanaweza kuwa na chumvi nyingi au vijidudu usivyoviona. Hata mtungi uliooza ndani unachafua maji mazuri kabla hayajafika nyumbani. Haya yote ni kazi ya mtu aliyepewa jukumu, na ndiyo maana narudi pale pale kwa kamati.

Sasa kuna wenye hasira watakaoniuliza: kwa nini maskini wa kijijini ndio wajipange na kujilipia wakati maji ni haki? Swali hilo ni halali, na mimi mwenyewe linaniuma. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inaipa kaunti jukumu la kuhakikisha maeneo ya mashambani yanahudumiwa hata pale ambapo hakuna faida ya kibiashara. Na ahadi hazikuanza jana. Miaka ya sabini serikali iliahidi kwamba ifikapo mwaka wa 2000 kila Mkenya angekuwa na maji safi karibu na nyumbani. Mwaka huo ulipita, sisi tukazaliwa, na nyanya bado anachuja kwa leso.

Tena sisi wa Mombasa tunywe maji tukijua yanatoka wapi. Sehemu ya maji ya mji huu hutoka Kwale, kwenye chemchemi za Marere na visima vya Tiwi. Mfereji wangu ukikauka, ninailaumu kampuni ya maji. Hakuna anayekuja kuniambia niunde kamati. Lakini pampu ikikauka kijijini, lawama ni kwa "jamii isiyowajibika". Huo ni uonevu, tuuite kwa jina lake.

Kwa hivyo "jamii isimamie kisima" isiwe njia ya serikali kutoroka. Kamati ya akina mama inaweza kununua raba na kubadilisha fimbo. Haiwezi kuchimba upya kisima kilichobomoka ndani, haiwezi kupima maji kwenye maabara, haiwezi kununua bomba jipya zima kwa siku moja. Hapo kaunti lazima iwe na nambari inayopokelewa na fundi anayefika.

Na inawezekana. Kule Kyuso, Kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwahi kuweka vifaa ndani ya mikono ya pampu, vinavyotuma ujumbe wa simu kuonyesha pampu inatumika au imelala. Fundi akawa anajua mapema. Muda wa wastani wa kutengeneza pampu ulishuka kutoka karibu siku 27 hadi chini ya siku 3. Kutokana na kazi hiyo kukazaliwa huduma ya FundiFix huko Kitui na Kwale: jamii inalipa ada ndogo kila mwezi, na pampu ikiharibika fundi anakuja haraka. Wanakijiji wanashika pesa na maamuzi, na mtu anayelipwa anashika spana. Kujitolea pekee huchosha, hata mtu mwenye moyo wa dhahabu.

Kama wewe ni kijana mwenzangu na unapanga kuchangisha za kisima, sikukatazi. Changisha. Ila kabla hujaweka nambari ya M-Pesa, uliza maswali manne. Nani atashika pesa, na zitasomwa mbele ya nani? Nani kijijini atajua kuifungua pampu? Raba na fimbo zitanunuliwa wapi? Na diwani pamoja na ofisi ya maji ya kaunti wameandikiwa, kwa karatasi, ili kesho wasijifanye hawajui? Ukikosa jibu, bado hujafika wakati wa kupiga picha. Kaa chini ya mkorosho kwanza.

Kama una kijijini kwenu pampu iliyolala, usianze na mtandao. Anza na chama cha mama yako. Wao wamekuwa wakisimamia pesa tangu kabla ya sisi kujua kuweka neno la siri.

Nami? Mwezi uliopita nilimpigia nyanya kumjulia hali. Katikati ya mazungumzo akataja kwamba pampu ilikuwa imeharibika, raba imekatika. Nikashtuka, nikauliza lini. "Ah, wiki mbili zilizopita," akasema. "Yule msichana aliitengeneza siku hiyo hiyo, jioni tukachota."

Hakuna aliyenipigia simu. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kusahauliwa.