Kabla Umwandikie Shosho Dawa Mpya, Muulize za Zamani

Wasee wa Shauri Moyo, hebu tufanye hesabu kidogo. Shosho ana presha na sukari. Za presha anachukua kliniki ya kaunti. Za sukari zikikosekana huko, ananunua kemisti, vidonge kumi kumi, kulingana na pesa iliyopo. Goti likiuma, duka la mtaa halikosi tembe za maumivu. Halafu kuna ile chupa ya mitishamba ya sokoni. Siku atazidiwa usiku akimbizwe Mama Lucy ama Kenyatta, nani anaijua hiyo orodha yote? Hakuna. Yeye mwenyewe anajua tu "ile nyeupe ya asubuhi".

Maoni yangu ni haya: mgonjwa akilazwa, siku isiishe kabla mtu hajakaa naye, akaandika kila kitu anachomeza, kisha akalinganisha na kile daktari ameandika. Kila dawa iamuliwe: inaendelea, inasimama ama inabadilishwa, na sababu iwekwe kwa faili. Akihamishwa wodi, irudiwe. Siku ya kutoka, irudiwe.

Mnadhani ni makaratasi tu? Glucophage na metformini ni dawa moja, majina mawili. Lasix na furosemidi, vivyo hivyo. Nesi akimpa shosho moja, na ile nyingine iko kwa mfuko wake chini ya mto, amemeza mara mbili. Mtu anayetumia warfarini ili damu isigande, akiongezewa asprini bila mtu kujua, anaweza kuvuja damu tumboni. Mwenye kifafa akilazwa juu ya mguu uliovunjika, na vidonge vyake visahaulike siku mbili, anaweza kuanguka tena.

Na hii si stori ya wazee peke yao. Sisi pia tuko na dawa tunazoficha: ARV, za kupanga uzazi, za msongo wa mawazo. Unaulizwa, "Kuna dawa unatumia?" Mathe amesimama hapo kando, na kitanda cha jirani kimetega sikio. Utajibu nini? "Hapana." Lakini ukianzishiwa dawa za TB zenye rifampisini, dozi ya dolutegraviri inafaa kuongezwa, na vidonge vya kupanga uzazi vinapungua nguvu. Manze, hiyo "hapana" ni ghali. Na usimlaumu mgonjwa. Swali limeulizwa mahali pabaya. Familia itoke kwanza, ndio swali liulizwe.

Hatuwezi kusema hatukuambiwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza kwa nusu madhara makubwa ya dawa yanayoepukika, ndani ya miaka mitano. Uhamisho wa mgonjwa, kama kutoka nyumbani hadi wodini, ulitajwa kati ya mambo matatu ya kushughulikiwa kwanza. Miaka hiyo mitano ilishapita.

Kuna wale watasema SHA na kompyuta zitamaliza hii shida. SHA ilianza Oktoba 2024, sawa. Lakini kidonge ulichonunua na pesa yako kwa kemisti ya mtaa hakipitii huko. Manesi nao wamelemewa, hilo naliona. Basi kazi hii ipewe wafamasia. Wasikae nyuma ya dirisha la dawa pekee, waje hadi kitandani.

Tukiendelea kudai hayo, kuna kitu unaweza kufanya leo jioni. Piga picha paketi zote za shosho, mbele na nyuma. Andika jina la dawa, dozi, anameza mara ngapi kwa siku. Mitishamba pia iingie. Tuma kwa grupu ya familia. Za kwako za siri, ziandike mahali unaweza kumwonyesha daktari peke yake.

Siku ya kulazwa, beba mfuko wote wa dawa, na uulize swali moja: "Hizi mmeziandika wapi kwa faili?" Usiondoke hapo kabla hujaonyeshwa.