Mbona Fundi Harudi Kugeuza Dishi?

Swali lilitoka kwa dogo wa kidato cha pili, nje ya kibanda umiza kimoja Nandagala, kule Ruangwa, wakati wa mapumziko ya mechi. "Mwalimu, kama setilaiti inazunguka dunia, mbona fundi harudi kugeuza dishi?" Nilikuwa field, mwalimu mtarajiwa wa fizikia, GPA si haba. Nikamjibu kwamba setilaiti iko juu sana, huko hakuna mvutano, kwa hiyo inaelea tu. Akaitikia kwa heshima. Nilimdanganya, na nililigundua hilo usiku nikiwa kitandani.

Jamani, kanuni ya mwendo wa obiti nilikuwa naijua. Niliiandika kwenye UE nikapata A. Ila niliikariri kutoka kwenye desa, na desa halijawahi kuniuliza kitu kilichofungwa juu ya bati la mtu.

Mvutano upo. Kilomita 400 juu, pale kinapopita Kituo cha Kimataifa cha Anga, bado ni karibu asilimia 90 ya huu unaotushika hapa chini. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja. Rusha jiwe kwenye embe: linakwenda mbele huku linashuka. Ongeza nguvu, litaangukia mbali zaidi. Lifikishe karibu kilomita 8 kwa sekunde (hewa tuisahau kidogo), bado linaanguka, ila dunia nayo inapinda chini yake kwa kiasi kilekile. Halifiki chini. Ndiyo obiti hiyo, na hakuna injini inayolisukuma.

Ukienda mbali zaidi, mwendo unapungua na njia inarefuka. Kituo kile kinamaliza mzunguko kwa dakika 90 hivi. Setilaiti ya TV iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na inatumia saa 23 na dakika 56, sawasawa na dunia inavyojizungusha, tena kwa upande uleule. Inakimbia kilomita 3 kwa sekunde, yaani Dar hadi Lindi kwa dakika mbili na nusu, lakini kwa aliyesimama Nandagala imeganda palepale. Na kwa kuwa Nandagala iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, dishi la TV lililogeukia Msumbiji hulioni. London ni kinyume, yanaangalia kusini. Dogo angeweza kuhakiki hilo mwenyewe kwa kutembea mtaani dakika kumi.

Kuna utamu zaidi. Ukipima kutoka katikati ya dunia, Mwezi uko mbali mara 9.1 kuliko setilaiti hiyo. Chukua simu: 9.1 mara 9.1 mara 9.1, halafu tafuta kipeuo cha pili. Unapata kama 27 na nusu. Mwezi unaizunguka dunia kwa siku 27.3! Kepler aliitoa sheria hiyo mwaka 1619 kwa ajili ya sayari, wala hakuwahi kuona king'amuzi. (Mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu kwa sababu dunia nayo inakuwa imesogea kulizunguka jua, Mwezi unabaki na deni la siku mbili.)

Wapo watakaosema tatizo ni maabara. Kwenye hili sikubali. Dishi lipo, Mwezi upo, simu zipo. Napendekeza kabla ya field kila mwalimu mtarajiwa wa fizikia akae robo saa mbele ya wenzake aulizwe maswali kwa mdomo, bila desa. Atakayesema "hakuna mvutano" apigwe sapu. Wa kwanza ningekuwa mimi.

Mwaka huu nimeomba kurudi Nandagala. Yule dogo sasa yuko kidato cha tatu, na huenda uongo wangu ameshamfundisha mwenzake.