Kaya Ndogo Itumie Kiasi Gani kwa Juma?



Mwaka jana, tulipokuwa kidato cha tatu, tulifanya mjadala darasani juu ya matumizi ya fedha nyumbani. Mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba nyumba ya watu wanne au watano yatoshwa na shilingi 10,000 kwa juma kwa mahitaji ya jikoni, na kwamba mama yeyote anayezidisha hapo ni mbadhirifu. Alishangiliwa sana, na mimi nilikuwa mmoja wa waliompigia makofi. Leo naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze kwa nini siwezi kumpigia makofi tena.

Kwanza niseme nyumba yetu ilivyo. Tuko watu watano: mama, bibi, wadogo zangu wawili na mimi. Baba alifariki nilipokuwa shule ya msingi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wastani wa kaya moja katika Tanzania ni watu 4.3, lakini mkoa wetu wa Simiyu ni miongoni mwa mikoa yenye kaya kubwa kabisa. Basi huku Itilima ukisema kwenu mko watano, mtu hukuuliza wengine wamekwenda wapi. Tunalima mahindi, viazi vitamu, choroko na pamba. Fedha huingia mara moja au mbili tu kwa mwaka, tunapouza choroko na pamba. Walakini chumvi haingoji msimu wa pamba, nayo huisha wakati wowote ipendapo.

Likizo ya Desemba ilipofika nilikwenda nyumbani na shabaha moja, nayo haikuwa nzuri. Nilitaka kuthibitisha kwamba mama anatumia vibaya. Nilichukua daftari, nikapiga mistari kama tulivyofundishwa katika somo la utunzaji wa hesabu: tarehe, kitu, kipimo, bei. Mama alicheka akasema, "Andika, mwanangu, wala usisahau kiberiti." Niliandika kwa muda wa majuma manne.

Juma la kawaida lilikuwa hivi. Mahindi kilo 14 kwa shilingi 1,000 kila kilo, yaani 14,000. Kusaga mashineni 1,500. Dagaa na maharage 6,000. Mafuta ya kupima ya shilingi 500 kila siku, jumla 3,500. Sukari robo kilo mara tatu, kwa 800 kila robo, jumla 2,400. Nyanya, vitunguu na mboga 2,500. Chumvi, sabuni na kiberiti 2,100. Ukijumlisha yote utapata shilingi 32,000.

Nilishtuka, kwa kuwa hesabu hiyo ilizidi mara tatu ile ya mwenzangu wa mjadala. Nikaanza kutafuta cha kukata. Sukari? Ni ya uji wa bibi na wadogo zangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naitia chai vijiko vitatu. Dagaa? Hao ndio nyama yetu. Tukiwaacha, watoto watakula ugali na mlenda mtupu kutwa. Sabuni? Hakuna atakayenishauri hivyo. Nilizunguka katika daftari lile kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, nisimwone.

Shule ilipofunguliwa nilimwonyesha mwalimu wetu daftari. Hakunicheka. Alinieleza habari za Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mwaka 2017/18. Katika utafiti ule, mtu mzima aliyetumia chini ya shilingi 33,748 kwa mwezi kwa chakula alihesabiwa kuwa hapati chakula cha kumtosha. Nilifanya hesabu: hiyo ni karibu shilingi 7,800 kwa juma kwa mtu mzima mmoja. Tukiwafanya wadogo zangu wawili kuwa sawa na mtu mzima mmoja, kwetu tuko watu wazima wanne, na kiasi chetu ni karibu 31,200 kwa juma. Na hizo ni bei za wakati ule. Tangu hapo vitu vimepanda.

Basi ona jambo hili, ndugu msomaji. Mama niliyemshtaki moyoni mwangu kuwa ni mbadhirifu alikuwa akitulisha kwa kiasi ambacho wataalamu wa serikali wangekiita kidogo mno. Hakuwa na la kukata. Mwalimu aliongeza kwamba mtaalamu mmoja wa takwimu wa Ujerumani, Ernst Engel, aliandika tangu mwaka 1857 kwamba kadiri nyumba inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya fedha zake inavyokwenda kwenye chakula. Kwa hiyo kumwambia maskini apunguze chakula ili awe tajiri ni kumwambia mgonjwa apunguze dawa ili apone.

Lakini fedha zetu zilipotea wapi? Maana zilipotea kweli. Jibu nililipata katika daftari lile lile, mahali ambapo sikutazama mwanzo.

Upotevu mdogo uko katika kununua kidogo kidogo. Robo kilo ya sukari ni shilingi 800, na kilo nzima ni 3,000. Basi anunuaye robo nne hulipa 200 zaidi. Mafuta ndiyo mabaya. Nilichukua chupa ya lita moja nikaijaza maji kwa kipimo kile kile cha shilingi 500. Ilijaa kwa vipimo 16, maana yake shilingi 8,000, hali lita nzima huuzwa 6,000. Simlaumu mwenye duka. Yeye hutukopesha, hubeba mzigo kutoka Bariadi, na mafuta mengine humwagika. Nasema tu kwamba asiye na fedha ya lita hulipa kuliko aliye nayo, na hilo ni jambo la kusikitisha.

Upotevu mkubwa ulikuwa mahindi. Juni ya mwaka jana, mara baada ya mavuno, mama aliuza magunia manne kwa shilingi 50,000 kila gunia, akapata 200,000. Ilipofika Desemba ghala lilikuwa tupu, nasi tukawa tunanunua kilo moja kwa 1,000. Gunia lile lile la kilo 100 limekuwa 100,000. Magunia manne tuliyouza kwa 200,000 yalihitaji 400,000 kuyarudisha nyumbani. Laki mbili ziliruka hivyo, nazo ni chakula cha nyumba nzima kwa majuma sita.

Na kwa nini mama aliuza? Hapa ndipo kalamu yangu inapokuwa nzito. Tangu mwaka 2016 serikali imefuta ada katika shule zake hata kidato cha nne, nasi twashukuru. Lakini godoro, viatu, sare na madaftari hayana budi kununuliwa. Mwezi ule wa Juni mimi ndiye niliyesema kwamba siwezi kurudi bwenini na godoro la zamani, na kwamba viatu vyangu vinachekwa. Mama hakujibu neno, alimwita mnunuzi. Kwa hiyo nilipokuwa nikiandika katika daftari "mahindi, kilo 14, shilingi 14,000" na kutikisa kichwa, nilikuwa nimelalia mahindi yale muhula mzima.

Najua baadhi ya wazee watanipinga. Watasema mahindi ghalani huliwa na wadudu, hivyo ni heri kuuza mapema. Wana haki ya kuogopa. Dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, si mdudu wa asili yetu. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo amewatia wakulima wengi hasara. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mahindi mabichi huoza upesi. Dawa yake ni kuyakausha sawasawa, kuyapukuchua, na kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa ambamo mdudu hukosa pumzi akafa. Mifuko hiyo huuzwa kwa fedha, ndiyo, lakini bei yake ni ndogo kuliko nusu ya gunia la mahindi la Desemba. Bibi yangu hana mifuko hiyo, lakini kila mwaka hukata viazi vyake, akavianika juani, akaweka michembe ya kula wakati wa njaa. Hajasoma utafiti wowote, na Desemba ile michembe yake ndiyo iliyotuokoa asubuhi nyingi.

Wengine watasema, "Haya ni mambo ya jikoni, waachie wanawake." Baba mdogo aliniambia hivyo aliponikuta naandika bei ya nyanya. Kwa heshima zote sikubaliani naye. Katika nyumba nyingi za kwetu mwanamume ndiye huuza magunia, na mwanamke ndiye hutafuta chumvi. Yule auzaye asiyejua bei ya chumvi hawezi kujua ameuza kwa hasara au kwa faida.

Basi haya ndiyo maoni yangu. Nyumba ya watu wanne iliyo kama yetu hula karibu kilo 11 za mahindi kwa juma, yaani magunia sita kwa mwaka. Na iweke kwanza magunia sita, na la saba kwa ajili ya likizo, wageni na misiba, ndipo ifikirie kuuza. Fedha za shule na nguo zitoke katika choroko, pamba au kuku, wala zisitoke katika sahani. Pili, mahitaji ya dukani yanunuliwe siku ya mnada, mara moja kwa juma, kwa karatasi iliyoandikwa nyumbani. Na majirani wawili wasio na fedha ya lita washirikiane kununua lita moja wagawane. Tatu, nyumba iwe na daftari, na watoto waliosoma waliandike, kwa kuwa hiyo ni kazi tunayoiweza.

Juni ya mwaka huu tulijaribu. Mahindi yalikuwa ghalani, kunde zilikuwa zetu, na mafuta tulinunua kwa lita. Kusaga 1,500, dagaa 3,500, mafuta yaliyotumika 2,600, sukari 2,250, mboga 2,000, chumvi, sabuni na kiberiti 2,100. Jumla haikufika 14,000, nasi tulishiba kuliko Desemba. Kwa hiyo nikiulizwa leo kaya ndogo itumie kiasi gani kwa juma, nitajibu hivi: yenye mahindi ghalani itumie kama shilingi 15,000, na elfu moja ya hizo iwe akiba, isiyo na mahindi itatumia zaidi ya mara mbili ya hizo, wala isilaumiwe. Swali la kwanza la kumwuliza mama si "umetumia ngapi?" bali "ghalani kumebaki ngapi?"

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa tangu darasa la kwanza. Nimejifunza kwamba haba na haba pia hukimaliza kibaba, na kwamba wakati mwingine hakimalizwi na haba bali na mkupuo mmoja, siku ya mavuno, ili kijana apate godoro.

Wenzangu wa kidato cha nne, mwezi wa Novemba tutafanya mtihani na kurudi nyumbani. Yafaa turudi na daftari tupu na kalamu, tukae karibu na mama zetu, na kuanza kwa kuandika kiberiti. Viatu vyangu mnavijua. Vimeshonwa mara mbili. Muhula huu sikuomba vingine, na magunia saba yako nyumbani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Lagangabilili.