Ng'ombe Hachapi Noti

Nianze kwa swali, ndugu zangu waandishi chipukizi. Ni nani kati yenu aliyewahi kuamka saa kumi na moja alfajiri hapa Peramiho, mwezi wa saba, baridi ikimng'ata masikio, akachuchumaa chini ya ng'ombe na kumkanda kiwele kwa maji ya vuguvugu? Kimya! Basi nisikilizeni, maana nina hasira, na hasira yenyewe ina pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa hao wanaotuhubiria. Mwaka juzi tuliitwa vijana kwenye semina ya kujiajiri. Bwana mmoja, suruali imenyooshwa utadhani kisu, akachukua chaki akaandika ubaoni: ng'ombe mmoja, lita 20 kwa siku, mara siku 365, mara bei ya lita. Jibu lilipotoka ukumbi mzima ukapiga makofi. Jamaa niliyekaa naye akaninong'oneza, "Mshikaji, siku zote hizi tulikuwa wapi?" Mimi nikanyoosha mkono. "Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, huyo ng'ombe anazaa lini?" Watu wakacheka. Mzee akasema maswali ni mwishoni. Mwishoni tukapewa soda, tukaondoka.

Sasa nijibu mwenyewe. Ng'ombe hatoi maziwa kwa kuwa ni ng'ombe, anatoa kwa kuwa amezaa. Mimba hubeba miezi tisa, na siku kama 60 kabla ya kuzaa sharti umkaushe, usimkamue kabisa, ili ajijenge yeye na ndama wake. Siku hizo unamlisha naye hakupi hata kikombe. Akizaa, siku chache za mwanzo ni dang'a, haki ya ndama. Kwa hiyo hata mfugaji hodari anayezalisha kila mwaka hukamua siku kama 305. Hizo 365 ni za kalenda ya ukutani! Na lita nazo hazisimami pahala pamoja. Hupanda wiki za mwanzo, kisha zinateremka mwezi hadi mwezi. Wa kwetu, chotara wa Friesian, siku zake za fahari alitoa lita tisa. Toa za ndama, toa ya chai nyumbani, zimebaki tano. Na hapo pumba, mashudu na chumvi bado havijadai chao.

Tena kuna suala la joto. Ng'ombe akiwa tayari kupandishwa hukupa muda usiofika hata siku moja. Alianza kulia na kupanda wenzake jioni, nikampigia simu mtaalamu wa uhimilishaji. Mbegu hutunzwa ndani ya mtungi wa nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kituo cha taifa cha mbegu hizo kiko Usa River, Arusha, mwendo wa zaidi ya kilometa elfu moja kutoka huku kwetu. Akasema mtungi wake umekauka, nisubiri. Alipofika, ng'ombe ametulia tuli kama hajui kitu. Siku 21 nyingine za kukata majani, bure. Je, hesabu ya ubaoni ilikuwa na mstari wa mtungi uliokauka? Ilikuwa na kupe? Ng'ombe wetu aliyetangulia alikufa kwa ndigana kali. Tezi zilimvimba, homa, mwisho akahema povu puani. Tulimfukia nyuma ya migomba, mama akashinda siku mbili hajaniambia neno.

Halafu kila Wiki ya Maziwa tunaelezwa kwamba mtu anatakiwa anywe lita 200 kwa mwaka, na Mtanzania wa kawaida hafikishi kiwango hicho. Sawa, kosa ni la nani? Masika majani yamejaa, kila mtu ana maziwa, wenye vibanda vya chai wanatuchagua kama nguo za mitumba. Yakibaki hadi mchana yameanza kuchachuka, tunagandisha mtindi. Huku dukani, hatua ishirini tu, yamepangwa maziwa ya unga na ya boksi yaliyosafiri kuliko mimi. Tupeni tanki la kupoozea kwanza, semina itafuata.

Upande wa pili ni ninyi, wenzangu wa kalamu. Hapa siogopi mtu. Mnanicheka kijiweni eti nanuka samadi. Riwaya zenu zote zinaanza na gari jeusi Masaki na mrembo mwenye siri, na wengine mmepita Dar mara moja tu, mkiwa ndani ya basi! Mababu wa Wangoni waliovuka Zambezi mwaka 1835 walikuwa watu wa ng'ombe, ngao za ngozi, mahari ya ng'ombe. Leo mjukuu anaona haya kubeba ndoo ya maziwa barabarani. Watawa wa Kibenediktini waliofika hapa 1898 walilima, wakafuga, wakachapa na vitabu, wala hawakuona kwamba kimoja kinakichafua kingine.

Mnasema zizini hakuna kisa. Basi sikieni. Ng'ombe tuliye naye mama alipewa na mradi wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: ndama jike wa kwanza unampa jirani. Akazaliwa dume. Mwaka uliofuata, dume tena. Jirani yetu, mjane, kila asubuhi alipita uani na kusalimia, "Mmeamkaje? Na ng'ombe wetu je?" Kwa upole kabisa. Mama akaanza kwenda kanisani kwa njia ya mzunguko asipite mlangoni kwake. Miaka mitatu wanawake wawili wanaangalia tumbo la mnyama mmoja! Alipozaliwa jike, usiku wa manane, mama hakungoja kuche, alikwenda kugonga na taa mkononi. Nionyesheni gari jeusi lenye kisa kama hicho.

Wala msidhani nalalamika tu. Mahindi huuza mara moja kwa mwaka, maziwa huuza kila asubuhi, na kwa mwenye mtoto shuleni hiyo tofauti ni kubwa. Sare zangu, madaftari yangu ya kidato cha kwanza hadi cha nne, hata hii karatasi, vyote vimetoka kwenye chuchu nne. Shamba letu halijui mbolea ya dukani siku hizi, linajua samadi. Mama alitaka tumuuze mtamba wetu, jike wa pili, ili nichapishe riwaya yangu. Nilikataa. Tuligombana, acha tu. Anatarajiwa kuzaa mwezi wa kumi, na mimi niko sura ya saba.

Yule bwana wa chaki, kama gazeti hili litamfikia, namkaribisha. Kutoka Songea mjini ni kilometa kama 24 tu, barabara ya Mbinga. Aje alfajiri, aje na koti na ndoo yake. Ubao nitautafuta mimi.