KIJANA WA UFIPA ASIIKANE NCHI YAKE ILI AUZIWE

Mkulima wa Ufipa akiisha kuuza gunia la mahindi sokoni Sumbawanga, gunia limekwenda. Hamfuati mnunuzi hadi Tunduma kumwuliza atalila wapi. Hiyo ndiyo biashara tuijuayo. Lakini wako wauzaji wa ng'ambo wapokeao pesa, kisha wakabaki na ufunguo.

Twasema juu ya michezo ya kompyuta. Mzee asicheke kwamba ni mambo ya watoto. Pesa inayolipwa ni ya mahindi yale yale.

Mwezi Februari 2024 kampuni ya Sony ilitoa mchezo uitwao Helldivers 2, ukauzwa katika duka la Steam karibu dunia nzima. Tarehe 3 Mei ikatangaza kwamba wanunuzi wa Steam, hata waliokwisha kulipa, sharti wajiandikishe katika mtandao wake, PlayStation Network. Katika orodha ya nchi za mtandao huo Afrika Kusini ilikuwamo, Tanzania haikuwamo. Mchezo ukaondolewa dukani katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji wakapiga kelele, na kwa siku chache tu Sony ikaifuta amri. Lakini mlango wa duka haukufunguliwa. Ilikuwa mwaka 2025 ndipo michezo kadhaa ya Sony iliporudishwa katika nchi nyingi.

Kijana hufanyaje? Hujiandika mkazi wa Marekani. Hilo ndilo linalotuuma. Hatukupata Uhuru mwaka 1961 ili Mfipa ajiite Mmarekani apate kuuziwa. Na akigunduliwa, akaunti yaweza kufungwa na vyote alivyonunua vikapotea. Wala hana pa kushitaki, maana aliyesema uongo ni yeye.

Wengine husema soko letu ni dogo. Je, Latvia ni kubwa? Januari 2021 Tume ya Ulaya iliitoza Valve, mwenye Steam, pamoja na kampuni 5 nyingine faini ya jumla ya euro milioni 7.8 kwa kuifungia michezo isitumike nje ya nchi fulani, Latvia na Poland zikiwamo. Hazikupigana peke yao. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ina nchi 8.

Serikali yetu, kwa Sheria ya Fedha ya 2022, iliwawekea wauzaji wa mtandaoni walio nje kodi ya asilimia 2. Aliyeonekana kwa kodi aonekane pia na Tume ya Ushindani. Twataka sharti moja: aseme kabla ya kupokea pesa kama mali yake itafunguka Sumbawanga, na akiifunga baadaye airudishe pesa yote kwa simu ile ile iliyolipa. Wabunge wa Rukwa walianzishe.